Mwelekezi au wakala wa bima ya afya Marekani: mafunzo yapi, na nani anakulipa?

SWALI: Naishi Fort Worth, Texas. Ni mwaka wa nne sasa nafanya ukalimani wa Kiswahili, kliniki siku za kazi na kanisani Jumapili. Kila ikifika Novemba watu wananiletea barua za bima niwasomee, na wengine nawajazia fomu ya HealthCare.gov kwenye simu zao. Sijawahi kulipwa. Sasa wakala mmoja wa bima ameniambia atanipa dola 25 kwa kila mtu nitakayempelekea akajiandikisha. Rafiki yangu naye ananishauri nisomee kazi ya "navigator", eti serikali inalipa. Mimi ni mama wa watoto watatu, muda wangu ni mchache. Nichukue mafunzo yapi, yanachukua muda gani, na je, kuna pesa kweli?

JIBU: Dada, tuanze na hizo dola 25. Usizipokee. Sheria za bima za majimbo zinakataza kumlipa kamisheni mtu asiye na leseni kwa kazi ya kuuza au kushawishi watu wanunue bima, na malipo ya kila kichwa kinachojiandikisha ni kamisheni hata yakiitwa "nauli" au "asante". Halafu ukija kuomba kazi ya mwelekezi, utaulizwa kama umewahi kupokea chochote kutoka kwa kampuni za bima au watu wao kwa ajili ya kuandikisha. Jibu la ndiyo litakuweka pabaya, na jibu la hapana litakuwa uongo.

Kinachowachanganya wengi ni kudhani kwamba kazi hizi zinatofautishwa na urefu wa kozi. Hapana, zinatofautishwa na mfuko unaokulipa. Anayekulipa ndiye anayeamua unaruhusiwa kumwambia mteja nini, na kanuni zote nyingine zinafuata hapo. Kwa hiyo chagua mfuko kwanza, kozi utaijua yenyewe.

Chini ya sheria ya afya ya 2010, ile tuliyoizoea kwa jina la Obamacare, wanaosaidia watu kujiandikisha kwenye Soko la Bima (yaani HealthCare.gov, au tovuti kama hiyo ya jimbo lenye soko lake) wako wa aina tatu. Wa kwanza ni waelekezi, hao anaowasema rafiki yako: wanaajiriwa na mashirika yanayopewa ruzuku na serikali. Wa pili ni washauri wa maombi walioidhinishwa: hawa ni wafanyakazi au wa kujitolea wa kliniki, hospitali na mashirika ambayo CMS, idara ya shirikisho inayosimamia Medicare (bima ya serikali ya wazee na baadhi ya wenye ulemavu), Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato cha chini) na Soko, imeyakubali, lakini haiyapi fedha. Wa tatu ni mawakala wenye leseni ya jimbo, wanaolipwa kamisheni na kampuni za bima.

Mwelekezi na mshauri hawaruhusiwi kupokea chochote, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma, kutoka kwa kampuni ya bima ya afya kwa sababu ya kumwandikisha mtu. Hawaruhusiwi kumtoza mteja hata senti. Tena wanatakiwa wasiegemee upande wowote: unamweka mtu mbele ya mipango yote iliyopo, unamweleza tofauti ya madaraja ya mipango, Silver (fedha) na Bronze (shaba), unamwonyesha daktari wake yuko kwenye orodha ipi, lakini humwambii "chukua hii". Wakala yeye anaweza kupendekeza. Ndiyo faida yake, na ndiyo hatari yake pia, maana anaweza kupendekeza ile inayomlipa.

Sasa mafunzo ya mwelekezi. Soko lilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013, waelekezi wa majimbo yanayotumia HealthCare.gov walitakiwa kumaliza takriban saa 20 za masomo ya mtandaoni, na washauri wa maombi kama saa 5. Masomo ni ya bure, yanatolewa na CMS, na kila somo lina mtihani wake. Unasoma aina za mipango, punguzo la kodi (msaada wa serikali unaoshusha ada ya bima ya kila mwezi) linavyopigiwa hesabu, mipaka ya Medicaid na CHIP (bima ya serikali ya watoto), faragha ya taarifa za watu, kuhudumia mtu asiyejua Kiingereza au mwenye ulemavu, na mambo usiyoruhusiwa kufanya. Cheti ni cha mwaka mmoja. Kila mwaka kabla ya msimu unarudia, na bila cheti cha mwaka huo husaidii mtu, hata kama mwaka jana uliandikisha mia.

Texas ina la ziada. Kanuni zake za 2014 ziliwaongezea waelekezi saa 20 za mafunzo ya jimbo juu ya zile za shirikisho, pamoja na ukaguzi wa historia yako kwa alama za vidole, na usajili kwenye idara ya bima ya jimbo. Kwa hiyo ukisikia mtu wa jimbo jingine akisema alimaliza kwa wiki moja ya jioni, usijipimie kwa kipimo chake. Weka saa 40 mezani, na kwa mama wa watoto watatu anayesoma saa mbili kila usiku, hizo ni usiku 20, karibu wiki tatu bila kukosa siku.

Watu wengi hukwama kwenye mambo madogo kuliko mitihani. Akaunti ya masomo ya CMS ina njia tofauti kwa kila kazi. Ukichagua njia isiyo yako utamaliza masomo yote na kupata cheti kisichokufaa. Pili, mwelekezi au mshauri hajisajili mwenyewe kama raia mwema: lazima awe chini ya shirika lenye ruzuku au lililokubaliwa na CMS. Wewe peke yako, hata ukifaulu kila kitu, huna namba ya utambulisho ya kuandika kwenye fomu ya mteja. Kwa hiyo usianze na kozi. Anza kwa kutafuta shirika.

Kuna jambo moja la mafunzo ambalo wewe tayari unalo na wengine wanahangaika nalo. Kanuni zinataka mteja ahudumiwe kwa lugha anayoitaka, bure, na ndugu au rafiki yake atumike kutafsiri pale tu mteja mwenyewe anapopenda hivyo. Shirika linalohudumia Wakongo, Watanzania au Warundi bila mtu wa Kiswahili linalipia mkalimani wa simu kwa dakika. Hiyo ni hoja ya kuweka mezani siku ya usaili, na iweke kwa hesabu, si kwa unyenyekevu.

Tuje kwenye pesa, kwanza za mwelekezi. Rafiki yako yuko sahihi nusu. Serikali inalipa, ila inailipa taasisi, nayo ndiyo inakulipa wewe mshahara. Na mfuko wenyewe unapanda na kushuka kama maji ya bahari. Mwaka 2013 ruzuku ya waelekezi wa Soko la shirikisho ilikuwa dola milioni 67 kwa mashirika 105. Mwaka 2016 ilikuwa milioni 63, mwaka 2017 ikashuka hadi kama milioni 36, mwaka 2018 ikaanguka hadi milioni 10 na ikakaa hapo. Mwaka 2021 ikaruka hadi milioni 80, mwaka 2024 ikafika milioni 100 kwa mashirika 44, kisha Februari 2025 CMS ikatangaza kuirudisha milioni 10. Ukigawa milioni 10 kwa majimbo karibu 30 yanayotumia HealthCare.gov, wastani haufiki dola 400,000 kwa jimbo zima. Texas peke yake ina kaunti 254.

Geuza hilo liwe ajira. Tuseme shirika limepata dola 120,000 kwa mwaka, na linalipa dola 20 kwa saa. Ni namba za mfano tu. Mfanyakazi wa muda wote ana saa 2,080 kwa mwaka, yaani dola 41,600. Wawili ni 83,200. Ongeza sehemu ya mwajiri ya kodi za Social Security na Medicare, asilimia 7.65, inakaribia dola 6,400. Zinabaki kama 30,000 za bima ya wafanyakazi, mafuta ya gari, simu, kompyuta, vipeperushi na ofisi. Ndiyo maana ruzuku ya ukubwa huo inaajiri watu wawili, na ikipunguzwa robo, mmoja anaondoka. Ruzuku hizi kwa kawaida hutangazwa mwishoni mwa Agosti. Ukiajiriwa Septemba, uliza siku hiyohiyo: fedha zinaisha lini, na asilimia ngapi ya mshahara wangu iko juu ya ruzuku hii?

Na kama mwajiri atakuambia atakulipa kwa idadi ya watu uliowaandikisha, simama hapo. Tangu Novemba 2014, kwenye Soko la shirikisho hairuhusiwi kumlipa mwelekezi au mshauri kwa kila fomu, kila mtu aliyesaidiwa, au kila aliyejiandikisha. Majimbo yenye soko lao yaliwahi kufanya tofauti: California mwanzoni ililipa mashirika dola 58 kwa kila ombi lililofanikiwa na dola 25 kwa kuhuisha. Tatizo la mfumo huo halihitaji utafiti. Familia yenye karatasi zilizonyooka inachukua dakika 45, na familia yenye mjomba aliyehama, mtoto wa kambo na hati tatu za uhamiaji inachukua ziara tatu. Zote 58. Anayelipwa kwa kichwa atamkwepa nani?

Nafasi ya mshauri wa maombi haina jina kubwa, lakini kwa hali yako ndiyo ningeianza. Kliniki za jamii zinazopata fedha za shirikisho zina sababu yao wenyewe ya kuajiri: mgonjwa mwenye bima analipiwa, asiye na bima analipa kidogo au halipi kabisa. Mwaka 2013 HRSA, idara ya shirikisho inayofadhili kliniki hizi, ilizigawia dola milioni 150 kwa ajili ya kazi ya uandikishaji, na nyingi ziliendelea na vitengo hivyo baadaye. Mshahara wako hautegemei ruzuku ya waelekezi, bali bajeti ya kliniki. Kazi yenyewe mara nyingi inachanganywa na nyingine: asubuhi ukalimani, mchana kujaza maombi ya Medicaid, jioni kupanga miadi. Wewe tayari uko ndani ya kliniki. Muulize msimamizi wako swali moja: je, taasisi yetu imekubaliwa na CMS kuwa na washauri wa maombi? Ikiwa ndiyo, kozi yako ni fupi na mshahara wako wa ukalimani unaweza kupandishwa kwa jukumu jipya. Ikiwa siyo, taasisi yenyewe ndiyo inayoomba kwanza, wewe unafuata. Usisahau pia upande wa jimbo: Texas ina tovuti yake ya Medicaid na CHIP, Your Texas Benefits, na mashirika yanaweza kujiunga na mpango wa washirika wa jamii ili wafanyakazi wao wapate mafunzo na kuwasaidia watu humo.

Wakala sasa, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanapoteza pesa wakidhani wanaitafuta.

Texas hailazimishi darasa kabla ya mtihani wa leseni. Majimbo mengi mengine yanadai saa maalum, Texas haidai. Msiufurahie sana ukarimu huo: mtihani ni uleule, na anayekwenda bila kusoma hulipia ada ya kurudia. Leseni unayoihitaji ni ile ya bima za maisha, ajali, afya na HMO (mipango ya afya yenye mtandao wake wa madaktari). Hatua zinakwenda hivi. Unasoma, unafanya mtihani kwenye kituo cha Pearson VUE, unatoa alama za vidole, unatuma ombi kwa idara ya bima ya Texas pamoja na ada ya dola 50. Ukipata leseni unapata na namba ya taifa ya wakala. Leseni inahuishwa kila miaka miwili, kwa saa 24 za masomo ya kujiendeleza, 3 kati yake za maadili.

Hapo bado hujagusa Soko. Unafungua akaunti kwenye tovuti ya CMS, unathibitisha utambulisho wako, unamaliza mafunzo ya mwaka huo, unasaini mikataba ya Soko ukianza na ule wa faragha na usalama wa taarifa. Halafu unaomba kila kampuni ya bima ikuteue kuwa wakala wake, moja moja. Na unakata bima yako mwenyewe ya makosa ya kazi, kwa kuwa kampuni nyingi hazikuteui bila hiyo.

Makosa ya hapa yanajirudia kila mwaka. Namba ya wakala ikiandikwa kwenye akaunti ya CMS ikiwa imekosewa tarakimu moja, mfumo hauioni leseni yako. Jina la leseni likiwa na jina la ndoa na akaunti ikiwa na jina la ubini, uthibitisho unagoma. Kosa baya zaidi ni la mtu anayemaliza masomo, akaona alama za kijani, akafunga kompyuta bila kusaini mikataba. Huyo hajasajiliwa. Anaandikisha watu Novemba nzima, na kampuni ya bima inakataa kumlipa kwa sababu usajili wake haukukamilika siku alipowaandikisha. Usajili ni wa mwaka wa bima, ukomo wake uko kabla tu ya tarehe 1 Novemba, kwa hiyo kazi hii inafanywa Agosti na Septemba.

Kamisheni yenyewe ikoje? Kwa kawaida ni kiasi kwa kila mtu aliye ndani ya bima, kila mwezi anaobaki na bima. Kampuni nyingine zinalipa kwa bima moja bila kujali vichwa, au zinaweka kikomo cha vichwa. Hakuna kiwango cha shirikisho kwa bima za Soko. Linganisha na Medicare Advantage, yaani mipango ya Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi, ambako CMS inaweka dari kila mwaka: kwa 2025 ilikuwa dola 626 kwa mteja mpya na 313 kwa mwaka wa kuhuisha katika sehemu kubwa ya nchi. Kwenye Soko, kampuni inapanga, na inaweza kubadilisha. Mwaka 2016 baadhi ya kampuni zilikata kamisheni za mipango fulani hadi sifuri. Kinachokulinda kidogo ni kwamba kampuni haitakiwi kulipa kidogo kwa mpango ulioko Sokoni kuliko mpango wa aina hiyohiyo nje ya Soko. Kinachokubana ni kwamba kampuni inatakiwa itumie angalau asilimia 80 ya ada za bima za watu binafsi kwenye matibabu na kuboresha huduma. Kamisheni yako iko kwenye ile 20 inayobaki, ikigombania nafasi na mishahara, matangazo na faida.

Tupige hesabu ya mfano, dola 18 kwa mtu kwa mwezi. Umeandikisha familia 60 zenye wastani wa watu watano. Mgeni wa kazi atazidisha 300 kwa 18 na kuona dola 5,400 kwa mwezi. Sasa ondoa watoto: Texas, watoto wengi wa familia za kipato cha chini wanaangukia Medicaid au CHIP, na huko hakuna kamisheni. Umejaza fomu ya watu watano, unalipwa kwa wawili. Wamebaki 120, yaani dola 2,160. Familia 15 hazikulipa ada ya mwezi wa kwanza, na bila malipo hayo bima haianzi. Wamebaki watu 90, dola 1,620 kwa mwezi. Fedha za bima inayoanza Januari mara nyingi zinakufikia Februari. Hakuna mtu anayekukata kodi: wewe ni mfanyabiashara, unalipa mwenyewe asilimia 15.3 ya Social Security na Medicare juu ya kodi ya mapato, kwa mikupuo ya 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari. Mteja akiacha bima kati ya mwaka, baadhi ya kampuni zinakukata walichokulipa mapema. Na wakala mwingine akiandikwa kwenye bima ya mteja wako, kamisheni inahamia kwake.

Kuhama huko ndiko kulikochafua kazi hii. Mwaka 2024 CMS ilipokea malalamiko mengi sana ya watu waliobadilishiwa mpango au kuandikishwa bila kujua, na ikawasimamisha mawakala 850 kwenye Soko. Tangu Julai mwaka huo, wakala ambaye hakuwa ameandikwa kwenye bima ya mteja hawezi kuibadilisha peke yake: ama wapige simu ya watu watatu pamoja na kituo cha simu cha Soko, ama mteja afanye mabadiliko mwenyewe. Wakala anatakiwa awe na ushahidi wa ridhaa ya mteja, na ushahidi kwamba mteja amepitia taarifa na kuzikubali kabla fomu haijatumwa, na autunze miaka 10. Mwelekezi naye ana karatasi yake ya ruhusa kabla ya kugusa taarifa za mtu, miaka 6. Karatasi hizi si urembo wa ofisi. Siku mteja atakapopata barua ya kodi, kitakachokutetea ni ile saini.

Na barua ya kodi itakuja, hasa Texas. Jimbo hili halikupanua Medicaid kwa watu wazima, kwa hiyo mtu mzima mwenye kipato chini ya mstari wa umaskini mara nyingi hapati Medicaid, na punguzo la kodi Sokoni linaanzia asilimia 100 ya mstari huo. Kwa mwaka 2025 mstari ulikuwa dola 15,650 kwa mtu mmoja na 32,150 kwa watu wanne. Pengo hilo ni kishawishi. Wakala mbaya anamwandikia mama mwenye kipato cha 9,000 kwamba anapata 16,000, bima inapita, kamisheni inaingia. Wakati wa kodi, punguzo alilopewa mtu linalinganishwa na kipato chake halisi, na kuanzia mwaka wa kodi wa 2026 dari ya kiasi anachoweza kudaiwa kurudisha iliondolewa. Aliyekadiria kidogo na akapata zaidi anaweza kudaiwa punguzo lote la ziada. Kipato kinakadiriwa na mteja, kwa maneno yake, kwa karatasi zake. Usimpe namba mdomoni.

Kwa jamii yako kuna sura nyingine ambayo usingoje ikufikie kwenye kozi. Kwa sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025, kuanzia 1 Oktoba 2026 wakimbizi na waliopewa hifadhi wasio na green card wanatolewa kwenye Medicaid ya fedha za shirikisho, watu wazima hasa, na kuanzia 1 Januari 2027 wanakosa punguzo la kodi la Soko. Mkimbizi anaweza kuomba green card baada ya mwaka mmoja nchini. Swali la "umeshaomba?" sasa ni swali la bima, si la uhamiaji tu, ingawa majibu ya kisheria umpeleke kwa mwanasheria. Kwa anayefikiria uwakala, maana yake ni moja: wateja wako wa asili watapungua. Nyongeza ya punguzo iliyoanza 2021 nayo iliisha mwishoni mwa 2025, ada zikapanda, watu wakaacha. Na kuanzia uandikishaji wa bima za 2027, msimu wa HealthCare.gov unakuwa 1 Novemba hadi 15 Desemba, badala ya kusogea hadi 15 Januari. Wiki sita na nusu za kutafuta pesa ya mwaka.

Unaweza kuwa vyote viwili? Leseni ya wakala peke yake haikuzuii kuwa mwelekezi au mshauri. Kinachozuia ni malipo ya kampuni za bima ya afya. Ukiuza bima za magari au za maisha pembeni unatakiwa kuliweka wazi kwa shirika na kwa mteja. Lakini kamisheni za bima ya afya zinazotiririka kutoka wateja wa mwaka jana zinahesabika, hata kama mwaka huu hujaandikisha mtu. Anayevuka kutoka uwakala kwenda uelekezi lazima aukate mrija kwanza. Kuvuka upande wa pili ni rahisi zaidi, na ujuzi wa karatasi ngumu unakwenda nawe, ila majina na simu za wateja wa kliniki hubaki kliniki. Ukiondoka na orodha hiyo, umevunja masharti ya faragha uliyosaini.

Kwa hiyo, kwa miaka yako miwili ijayo: omba ushauri wa maombi hapo kliniki kwanza. Mshahara ni wa kila wiki mbili, kozi ni fupi, na utajifunza Medicaid ya Texas, ambayo mawakala wengi hawaijui kwa sababu hailipi. Kama Agosti shirika la waelekezi likitangaza nafasi na likakujibu vizuri swali la ukomo wa fedha, fikiria. Leseni ya wakala iache hadi uwe na akiba ya miezi sita ya matumizi ya nyumbani, na iwe ni kwa mpango wa kuuza na Medicare na bima nyingine, si Soko peke yake.

Na Novemba ikikukuta bado huna cheti chochote, watu wakaja na barua zao, fanya ukalimani na uishie hapo. Msomee barua, mweleze maana yake, kaa kando yake. Simu aishike yeye, neno la siri aliandike yeye, na kitufe cha kutuma akibonyeze yeye. Usihifadhi namba ya Social Security ya mtu kwenye simu yako, wala picha ya hati yake kwenye WhatsApp. Akikwama, mpigieni pamoja kituo cha simu cha Soko na muombe mkalimani wa Kiswahili, ni bure, kisha wewe uwe ndugu tu wa pembeni anayesikiliza kama tafsiri imekaa sawa.